Pembe ya Pili

Kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe.

Kri-kri-kri. Kikanyamaza. Kri-kri-kri tena.

Chumba kilikuwa giza tupu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na alfajiri ya Jumapili huku milimani haina haraka na mtu. Raheli Shemweta alifungua macho lakini hakunyanyuka. Kichanga wake alikuwa amelala kifuani, mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Pembeni ya kitanda Lulu, binti yake mkubwa, alikuwa amejikunyata ndani ya blanketi lake.

Raheli alinyoosha mkono. Akainua kikombe. Chini ya kikombe akachukua simu.

Wengine huweka simu chini ya mto. Yeye aliiweka chini ya kikombe chenye kijiko, kwa sababu mlio wa simu huamsha watoto, na kijiko hakiwaamshi.

Ujumbe kutoka kwa wakuu wake Tanga ulikuwa mfupi.

"Maziwa yameganda, mama."

Akausoma mara mbili.

Maziwa alikuwa Elisante. Kuganda maana yake ameshikwa. Elisante, afisa wa Idara, aliyekuwa amejipenyeza kwa wasafirishaji haramu wa wanyama pori, akijifanya dereva wa Canter ya kabichi.

Elisante, mume wake.

Alishuka kitandani polepole, mkono mmoja ukiwa umeshika mshono. Mshono wa operesheni ya kujifungua ulikuwa bado mbichi; akicheka unauma, akikohoa unauma. Alivuta begi la nepi kutoka uvunguni. Juu kulikuwa na nepi. Chini ya nepi kulikuwa na redio ya Baofeng, vipokea sauti vya masikioni, kikokotoo cha Casio, ramani ya Jeshi ya wilaya nzima, na bastola aina ya Glock iliyofungwa kwenye kanga ili Lulu asiifikie.

Akapiga namba ya Tanga.

"Kinu, unanipata?" Sauti ya mkuu wa kanda.

"Nakupata, Mchi."

"Tochi yake lazima iwe hewani. Sisi huku hatuisikii, milima inazuia. Ni wewe peke yako unayeweza kuisikia."

"Mkuu, mimi niko likizo ya uzazi."

"Najua. Hongera sana. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Mungu amkuze. Tafuta tochi."

Simu ikakatwa.

Tochi yenyewe ilikuwa ya kuchaji, ile ya bei rahisi inayouzwa kila gulio. Fundi wa Idara aliifungua akaweka kinasa sauti na kirusha mawimbi ndani yake. Ukiiwasha, inamulika kama tochi yoyote. Lakini ikiwaka tu, kila neno linalosemwa karibu yake linapaa hewani.

Ilikuwa na kasoro moja. Ilisema tu. Haikusikia.

Raheli aliweza kumsikiliza mumewe. Hakuweza kumwambia hata neno moja.

Alivaa vipokea sauti. Kutoka darini kulishuka bomba la chuma, na juu ya paa bomba hilo lilibeba antena ambayo kijiji kizima kiliamini ni ya televisheni. Akalishika kwa mkono wa kulia, mtoto akiwa mkono wa kushoto, akaanza kulizungusha taratibu kama mtu anayesonga ugali.

Mlio mtupu. Mlio mtupu. Kisha sauti.

"...hapa hapa, bosi? Tummalize hapa hapa?"

"Hapana, Hamisi. Hapa kuna watu. Kule kwenye kona za kushukia Mombo. Gari likipunguza mwendo, unafungua mlango, unamsukuma. Korongo litafanya kazi iliyobaki."

Sauti hiyo ya pili Raheli aliifahamu kwenye mafaili. Walimwita Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa na pasipoti tatu za nchi tatu, na Kiswahili safi alichojifunza kwa kununua watu.

"Tunaondoka saa ngapi, bosi?"

"Ukungu ukiinuka. Sitaki gari litumbukie na vinyonga wangu."

Vinyonga wa pembe tatu, wa msitu wa juu, mmoja mmoja ndani ya soksi, chini ya kabichi. Huko wanakokwenda, watu wanawafuga kwenye masanduku ya vioo na kuwatazama wakila.

"Bosi! Mmoja ametoka kwenye soksi!"

"Si umshike?"

"Mimi? Mimi nimshike kinyonga, bosi? Mke wangu mjamzito!"

Ndipo Raheli alipomsikia. Mtu alicheka. Kicheko kifupi, cha puani. Alikijua kicheko hicho; ndicho kilichomfanya akubali kuolewa.

"Unamcheka nani?" Hamisi akafoka.

Pigo. Jingine. Mtu akakohoa, akaendelea kukohoa.

Raheli aliuma kanga yake ili asitoe sauti. Mtoto akajinyonganyonga, akatafuta ziwa. Akampa.

Alizungusha antena kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka kikohozi kile kikawa karibu kabisa, kama kiko chumbani. Akawasha taa ya simu, akasoma kipimapembe kilichobandikwa kwenye bomba. Sifuri yake ilikuwa imeelekezwa kwenye mnara wa kanisa la Kilutheri la Kwemvumo, ng'ambo ya bonde.

Nyuzi ishirini na nane, kulia kwa kanisa.

Akachora mstari kwenye ramani. Mstari ulitoka nyumbani kwake, ukapita juu ya kilima, ukashuka bonde, ukapanda tena, ukaendelea mpaka mwisho wa karatasi.

Elisante alikuwa juu ya mstari huo. Mahali fulani.

Mstari mmoja haumwokoi mtu. Kwa kawaida kunakuwa na antena ya pili mahali pengine, nayo inachora mstari wake, na pale mistari inapokatana ndipo mtu alipo. Antena ya pili ya kanda ilikuwa Muheza, ndani ya kisanduku, ikimsubiri fundi tangu mwaka jana.

Raheli aliukodolea macho mstari. 

Nje ukungu ulikuwa mweupe na mzito, umekaa dirishani kama pamba. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu ukungu usiondoke.

Ndo!

Alishtuka. Kengele. Kengele ya kwanza ya Jumapili, ile ya kuwaamsha washarika waanze kuchemsha maji ya kuoga. Lakini haikutoka dirishani. Ilitoka masikioni, ndani ya tochi.

Akaondoa kipokea sauti kimoja. Dirishani kimya.

Akaitazama saa yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Ndo, ikasema kengele dirishani, kwa mbali, ikiwa imechoka na safari.



Akasubiri mlio wa pili ili ahakikishe. Masikioni, ndo. Sekunde tano. Dirishani, ndo.

Mawimbi ya redio hayachukui muda wowote. Sauti hewani hutembea kwa miguu: mita mia tatu na arobaini tu kwa sekunde. Kwa hiyo kengele ilimfikia Elisante sekunde tano kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo Elisante alikuwa karibu na kanisa kuliko yeye, kwa mita elfu moja na mia saba. Kutoka nyumba hii mpaka kanisani ilikuwa mita elfu nne. Aliipima mwenyewe kwenye ramani kwa uzi.

Elfu nne toa elfu moja na mia saba.

Elisante alikuwa mita elfu mbili na mia tatu kutoka kwenye kengele.

"Asante, Yesu," alinong'ona.

Nyumba, kanisa, Elisante. Pembetatu. Haikuwa na pembe mraba hata moja, zile za shule ya msingi ambazo kila mtu anazipenda. Ilikuwa pembetatu iliyolala ubavu, kama milima yenyewe. Lakini Raheli alikuwa amezisoma. Alizisoma Tanga, masomo ya jioni, tumbo lenye mimba ya Lulu likigusa dawati, wakati Mwalimu Shukrani akiandika kanuni ya sini ubaoni na kusema kila upande wa pembetatu una urafiki na sini ya pembe inayoutazama.

Akabonyeza Casio kwa kidole gumba. Elfu nne, mara sini ya ishirini na nane, gawanya kwa elfu mbili na mia tatu. Akageuza sini kuwa pembe.

Hamsini na nne nukta saba.

Pembe ya tatu, tisini na saba nukta tatu. Umbali kutoka hapa mpaka kwa Elisante, karibu kilomita tano.

Akaweka kidole kwenye mstari. Kwemshai. Kitongoji cha juu kabisa, chenye ghala la zamani la viazi pembeni.

Akapiga simu. Darweshi, afisa mwenzao wa Idara, alikuwa Lushoto mjini, ndani ya Land Cruiser, na vijana watatu wenye silaha.

"Shemeji," Darweshi akaitika, "nipe namba."

"Kwemshai. Kuna ghala juu ya barabara. Wako watu wawili au zaidi. Wanaondoka ukungu ukiinuka."

"Una hakika?"

Raheli alitazama kikokotoo.

"Nina hakika."

"Basi andaa chai. Namleta mumeo."

Mlango wa jikoni ukalia. Mama mkwe alikuwa ameamka. Jenoveva, mama yake Elisante, alikuja kumkanda mkwewe maji ya moto na kumpikia uji, na aliamini mwanawe yuko Muheza ananunua machungwa.

"Mama Lulu! Unaongea na nani asubuhi yote hii?"

"Shikamoo, mama. Ni redio. Ibada ya asubuhi."

"Marahaba. Ibada gani hiyo haina hata wimbo?"

Moto ukaanza kulia jikoni. Raheli alirudisha vipokea sauti.

"Dereva," Profesa alikuwa akisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ngumi, "niambie tu nani alikutuma. Nitakushusha stendi ya Mombo na nauli juu."

"Nilitumwa na kabichi," Elisante akasema.

Pigo.

Raheli alihesabu mapigo mpaka akashindwa. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Mwanamke amefundishwa kulenga shabaha, kufungua kufuli kwa waya, kuendesha pikipiki gizani bila taa. Na sasa amekaa kitandani, ziwa nje, anasikiliza.

Simu ikatetemeka. Darweshi. Aliiweka sikio la pili.

"Tumefika, shemeji. Tunaingia."

Kishindo. Mbao zikapasuka. Kelele za vijana: "Lala chini! Lala chini!"

Kisha mbuzi akalia.

Mbuzi mwingine akamjibu.

"Onga makeo!" Salamu ya asubuhi ya Kisambaa, kwa sauti ya bibi kizee, kali kama wembe. "Salimieni kwanza, ndipo mvunje!"

"Shi... shikamoo, bibi," Darweshi akasema.

"Marahaba. Haya, nielezeni mbuzi wangu wamekosa nini, tena Jumapili."

Raheli alifumba macho.

"Shemeji," Darweshi akarudi kwenye simu, ameshusha sauti. "Ghala ni banda la mbuzi. Hakuna Canter. Hakuna alama ya tairi. Hakuna kitu."

"Tafuta nyumba za jirani."

"Nyumba ziko tatu. Tumezikagua. Watu wanapiga viatu rangi."

"Haiwezekani."

"Ndivyo ilivyo."

Alirudia hesabu. Namba zilezile. Akarudia tena. Hamsini na nne nukta saba. Kila kitu kilikuwa sahihi, na mtu hayupo. Masikioni, Hamisi alikuwa anafunga turubai na kupiga mluzi.

Ndipo alipoishiwa. Alichukua nepi safi, akaziba uso, akalia ndani yake bila sauti, mabega yakiruka, mshono ukimchoma kila pumzi.

Hakusikia mlango.

"We mama Lulu." Jenoveva alisimama na bakuli la uji. "Mtoto ana nini?"

Raheli alitikisa kichwa.

Jenoveva alitazama ramani kitandani. Akatazama Glock iliyochomoza kwenye kanga. Akaweka uji chini, bila haraka, kama mtu anayeweka yai. Akachukua kipokea sauti kimoja kilichokuwa kinaning'inia, akakiweka sikioni.

Akasikiliza.

Mbali huko, mtu alikohoa.

"Huyo ni Elisante," Jenoveva akasema. "Anakohoa hivyo tangu apate kifaduro."

"Mama..."

"Wanampiga?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko wapi?"

"Nimekosea. Sijui. Nimekosea na sijui nimekosea wapi."

Uso wa Jenoveva ulikunjamana, kisha ukanyooka kwa nguvu. Akafungua mikono yote miwili.

"Nipe mtoto," akasema. "Wewe fanya hesabu."

Akampokea mjukuu, akamfunga kifuani, akakaa kwenye kigoda akimpapasa mgongo. Hakuuliza tena.

Raheli alifuta uso. Akasikiliza upya. Safari hii hakusikiliza maneno. Alisikiliza nyuma ya maneno.

Mluzi wa Hamisi. Kamba kwenye turubai. Na nyuma kabisa, tangu mwanzo, kitu alichokuwa amekisikia bila kukisikia.

Tu-tu-tu-tu-tu.

Pampu ya maji.

"Darweshi! Hapo ulipo unasikia pampu ya kumwagilia?"

"Pampu? Hapa hata jogoo amenyamaza. Bibi anasema tunamchelewesha kanisani."

Bila shaka. Kwemshai wote walikuwa Walutheri, kama kijijini kwao Raheli, Mgwashi. Baba yake Raheli aliifungia pampu stoo kila Jumamosi jioni, na kabichi zikinyauka Jumapili, zilinyauka kwa heri. Mtu wa Kwemshai angewasha pampu siku ya Bwana? Angeitwa na wazee wa kanisa kabla dizeli haijapoa.

Pampu ile ilikuwa bonde la watu wanaopumzika siku nyingine.

Alitupa Casio kitandani. Akachukua bikari ya Lulu ya plastiki, ile ya kuchezea. Alikuwa hajachora. Kwa haraka alikuwa amekokotoa tu, na Mwalimu Shukrani alikuwa akipiga meza kwa rula kila jioni: Choreni kwanza! Kikokotoo hakina macho!

Akachoma sindano kwenye mnara wa kanisa. Akaipanua bikari kwa kipimo cha mita elfu mbili na mia tatu. Akazungusha.

Penseli ilikata mstari Kwemshai.

Raheli hakuinua mkono. Duara likaendelea, likajipinda, likarudi kumwelekea yeye.

Likakata mstari mara ya pili.

Alibaki ameshika penseli. Sehemu mbili. Mstari mmoja, kengele moja, sehemu mbili. Pembe ya hamsini na nne nukta saba ina mwenzake mnene, pembe butu ya mia moja ishirini na tano nukta tatu, na sini zao ni moja, sawa kabisa, mashine haiwezi kuwatofautisha. Ukiiuliza, inakupa yule mwembamba na kunyamaza.

Sehemu ya pili haikuwa kilomita tano. Ilikuwa kilomita mbili na kidogo.

Bonde la Mkuyuni. Nyuma ya kilima hiki hapa. Wakulima wa Mkuyuni wanaswali Ijumaa, na Jumapili wanamwagilia kwa ajili ya gulio la Jumatatu.

"Darweshi. Mkuyuni. Kando ya mto, penye pampu. Narudia, Mkuyuni."



"Shemeji, niko upande wa pili wa dunia. Kuzunguka mpaka huko ni nusu saa, nikiendesha kama mwendawazimu."

"Endesha kama mwendawazimu."

Aliinua macho dirishani. Bati la kanisa lilikuwa linaonekana. Jekundu. Ukungu ulikuwa unaachia mabonde moja moja.

Masikioni, injini ya Canter ikanguruma.

"Mpakie," Profesa akasema. "Huyo mlaze chini ya kabichi. Tochi yake niachie, nzuri hii."

Raheli alichukua Glock. Akajifunga kitenge. Kilomita mbili. Alikuwa akizikimbia kabla ya kunywa chai. Alipiga hatua mpaka mlangoni, akashika fremu, na mshono ukavuta kama mtu aliyeufunga kamba na kuishikilia.  Akasimama hapo, jasho likimtoka, bastola mkononi haina kazi.

"Ukianguka njiani," Jenoveva akasema nyuma yake, polepole, "nitazika wawili."

Canter ilikuwa inapanda. Alisikia gia ikibadilishwa.

Inapanda kwenda wapi?

Akageuka kwenye ramani. Kutoka Mkuyuni barabara ya gari ilikuwa moja tu. Ilipanda kwa kujinyonga mpaka Kwemvumo, ikapita mbele ya geti la kanisa, ndipo ikakutana na lami.

Akapiga simu. Mzee Fanueli, mpiga kengele wa Kwemvumo, aliitika kwa kelele kama wazee wote wanavyozungumza na simu.

"Shikamoo, baba. Raheli hapa, mkwe wa mama Jenoveva."

"Marahaba, binti! Hongera kwa mtoto! Tutamwombea leo..."

"Baba, piga kengele ya hatari."

"Ya moto?"

"Ya moto. Sasa hivi. Watu watoke na ndoo, wajae barabarani getini."

"Binti, mimi naona mji mzima hapa. Sioni moshi."

"Moto uko ndani ya Canter ya kabichi inayopanda kutoka Mkuyuni. Isipite, baba. Kuna mtu ndani. Ikipita atakufa."

Fanueli alivuta pumzi.

"Wewe si unauza vitenge?"

"Nauza vitenge, baba. Leo piga kengele."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha mbao. Alisikia viatu vya mzee vikikimbia.

Kisha kengele ikaanza. Haikuwa ile ya ndo, na kupumzika, na ndo. Ilikuwa ya kichaa, ndo-ndo-ndo-ndo, bila nafasi ya kupumua, ya mtu aliyening'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Lulu akageuka usingizini.

Raheli alikaa kitandani. Sasa hakuwa na la kuongeza. Akachukua mkono wa mama mkwe, wakagawana vipokea sauti, kimoja kimoja.

Injini. Gia. Injini.

Breki.

"Nini hawa?" Profesa.

"Watu, bosi. Wana ndoo."

"Piga honi."

Honi. Honi tena. Na sasa sauti nyingi, zikija kama mvua juu ya bati:

"Moto uko wapi?"

"Fanueli kasema ndani ya kabichi!"

"Mwaga! Mwaga maji!"

"Tokeni barabarani!" Profesa alikuwa amesahau upole wake. "Hakuna moto! Ni kabichi!"

"Ndiyo tunaziokoa, baba! Wewe shuka!"

Maji yakamwagika. Turubai likachanwa. Kabichi zikaanza kudondoka kwenye udongo, kwa mshindo laini, moja, moja, moja.

Kisha mwanamke akapiga yowe.

"Vinyonga! Jamani, wanatoka kwenye soksi, gari zima vinyonga!"

Miguu. Miguu mingi, ikikimbia. Raheli alielewa kabla mama mkwe hajaelewa. Watu wote walikuwa wamewakimbia vinyonga.

Njia ilikuwa wazi.

"Endesha!" Profesa akasema. "Hamisi! Endesha!"

"Siendeshi!"

"Nini?"

"Yuko kwenye usukani, bosi! Ananiangalia! Jicho moja ananiangalia mimi, jingine anakuangalia wewe!"

Mlango ukafunguliwa. Mtu akaruka.

Na juu ya yote hayo, kwa mbali, honi ya Land Cruiser, ndefu, isiyokatika.

Risasi.

Moja tu.

Kitu kikaanguka, kikajigonga kwenye mawe. Mlio mtupu ukajaa masikioni. Tochi ilikuwa imekufa.

Raheli alizungusha antena kushoto. Akaizungusha kulia. Mlio mtupu, mlio mtupu.  Midomo ya Jenoveva ilikuwa ikitembea bila sauti, na mkono wake mwingine uliendelea kumpapasa mtoto mgongoni, kwa mwendo uleule, kama saa.

Dirishani jua liligusa kilima. Jikoni uji ulikuwa unaungua na hakuna aliyenyanyuka.

Raheli aliipigia simu ya Darweshi. Haikuitikiwa. Akaiweka simu kwenye goti na kuitazama, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama.

Simu ikatetemeka.

"Shemeji." Darweshi alikuwa anahema. "Profesa ana pingu. Hamisi tumemkuta juu ya mti. Risasi ya Profesa iliipata kabichi."

"Darweshi. Elisante."

"Ana mbavu zinazomuuma, na jicho moja limefunga. Anauliza mkewe alipataje mahali pale. Nimemwambia aulize mwenyewe, mimi hesabu nilifeli darasa la sita."

Jenoveva alishusha kichwa juu ya kichwa cha mtoto, akabaki hapo.

Muda mfupi baadaye simu ya Tanga iliingia.

"Kinu, mzigo wote umepatikana hai. Wizara itafurahi. Nahitaji ripoti kamili mezani kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi mama mkwe ananikanda maji ya moto, Mkuu. Ukitaka ripoti, zungumza naye."

Akazima simu. Akakunja ramani, akairudisha chini ya nepi. Akaifunga Glock kwenye kanga, akaipandisha juu ya kabati. Akachana nywele. Land Cruiser iliposimama uani, Raheli alitoka nje taratibu, mgongo umenyooka, kama mtu anayekwenda kuanika nguo. Hakukimbia. Mshono usingemruhusu, na pia hakutaka vijana wa Darweshi waone.

Elisante alishushwa, akakalishwa kwenye benchi la ukutani. Jicho moja lilikuwa limevimba, mdomo umepasuka. Raheli alisimama mbele yake. Walitazamana. Jenoveva alitoka na mjukuu, akasimama upande wa pili. Darweshi alivua kofia. 

Lulu akatokea mlangoni akijikuna tumbo, gauni la kanisani limevaliwa nyuma mbele. Aliwapita watu wazima wote, akasimama mbele ya benchi, akamkagua baba yake kutoka juu mpaka chini.

"Baba, viatu vyako vina matope."